Simu Iliyokuwa Nzima

Eliana alimpigia mdogo wake simu kuuliza habari za redio. Ilikuwa Jumatano, mwezi wa pili, saa kumi kasoro dakika chache alasiri. Mvua ilikuwa ndiyo kwanza imepita Kiomboi na kuacha madimbwi mbele ya kibanda chake cha ushonaji. Redio yake ilikuwa kwa Chediel kule Kinampanda, wiki ya tatu sasa, kwa sababu spika ilikuwa inakwaruza. Eliana alishika mkasi kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, utani ukiwa tayari mdomoni.

Simu iliita mara tatu, ikapokelewa.

"Fundi, hiyo redio umeitengeneza au umeioa?"

Alisikia mtu anahema, na nyuma yake wanawake wanalia. Hakikuwa kilio cha kupiga mayowe. Kilikuwa kilio cha watu waliolowa na kuchoka.

"Dada Eliana," sauti ikasema. "Siyo fundi. Ni mimi Peniel."

Peniel alikuwa jirani wa Chediel. Nyumba zao zilitenganishwa na ua wa minyaa tu.

"Chediel yuko wapi?"

"Yuko hapa. Tuko shambani. Radi imepiga mti, dada. Tunamwita, haitiki."

Eliana aliweka mkasi mezani polepole, kama mtu anayelaza mtoto aliyesinzia.

"Mmemfunika?" akauliza. "Mvua isimnyeshee."

"Tumemfunika. Kwa kanga yangu."

"Haya, Peniel. Asante."

Akakata simu. Mteja aliyekuwa amekuja kupimwa gauni alimwuliza kuna nini. Eliana akamjibu kwamba mdogo wake amefariki, kisha akaendelea kutafuta chaki iliyokuwa mkononi mwake mwenyewe. Mteja ndiye aliyefunga mlango wa kibanda na kumwita bodaboda.

Chediel alikuwa na miaka thelathini na minane. Kibanda chake cha mabati kiliegemea mashine ya kusaga, na kwa sababu hiyo kila simu aliyoitengeneza ilirudi kwa mwenyewe ikiwa na unga kidogo kwenye batani. Alitengeneza simu, redio, taa za sola, na mara moja alitengeneza kipaza sauti cha usharika saa moja kabla ya ibada ya Pasaka, mchungaji akiwa amesimama nyuma yake na majoho yote. Yeye mwenyewe alitumia kitochi, ile simu ndogo ya batani yenye tochi.

"Fundi mzima unatembea na kitochi," watu walimtania.

"Hizo kubwa nazifungua kila siku," aliwajibu. "Ningekuwa sijaona yaliyomo ningenunua."

Jambo moja lilimtofautisha na mafundi wengine wote. Hakuweza kuvumilia habari yenye kosa, hasa ikihusu vitu vya kazi yake. Redio ilinguruma mezani kwake kutwa nzima, na mtangazaji alipokosea, Chediel aliweka bisibisi chini. Waliwahi kutangaza kwamba kuna namba ukiipokea damu inakutoka masikioni. Akaweka bisibisi chini. Mwaka wa ukame wakatangaza kwamba minara ya simu inafukuza mvua. Akaiweka chini tena. Kwa kuwa chumba cha habari hakikuwa na namba ya wasikilizaji, alipiga kwenye kipindi cha salamu.

"Haloo, unaitwa nani, na unawasalimu akina nani?"

"Naitwa Chediel, fundi, Kinampanda. Nawasalimu wasikilizaji wote. Ile habari ya asubuhi kwamba mnara unafukuza mvua si kweli. Mnara unapokea na kutuma mawimbi. Hauna habari na mawingu."

"Ahsante sana, Chediel. Na ungependa tukuchezee wimbo gani?"

Watu waliokuwa kibandani walicheka mpaka mwenye mashine ya kusaga akazima mashine na kutoka kuuliza nani kaanguka. Chediel naye alicheka, lakini siku iliyofuata akapiga tena.

Hakuwa mtu wa kuona makosa ya wenzake tu. Kwa miaka miwili alikuwa amewaambia watu kwamba simu ikiingia maji ifukiwe kwenye mchele. Kinampanda nzima ikawa inafukia simu kwenye mchele, na wengine waliokosa mchele wakatumia uwele. Kisha akajifunza, kwa simu zilizokuwa zinamfia mikononi, kwamba mchele hausaidii, na kwamba wenye simu wanapoteza muda wakati maji yanakula vyuma ndani. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, wakati wa matangazo, aliomba kipaza sauti. Eliana alikuwa amekuja kusali pale siku hiyo. Alitamani benchi limmeze.

"Wapendwa, mimi ndiye niliyewaambia habari za mchele," Chediel alisema. "Nilikosea. Simu ikiingia maji, izime, toa betri, niletee siku hiyohiyo. Mchele kaleni."

Walipotoka nje Eliana alimwambia: "Ungewaambia mmoja mmoja wanapokuja kibandani."

"Dada, mchele niliusema mbele ya watu," alijibu. "Kosa la mbele ya watu halirekebishwi kwa kunong'ona."

Mwezi wa kwanza mwaka huu redio ilitangaza jambo jingine. Ilisema simu ya mkononi iliyowashwa huvuta radi, na mvua inapoanza kila mtu azime simu yake, atakuwa salama. Chediel alipiga siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza na ya pili laini ilikuwa inatumika. Siku ya tatu alipokelewa. Akaanza kusema kwamba simu ya mkononi haivuti radi, kwamba cha kuogopa ni mti mrefu na uwanja wazi, na simu ikiwa imechomekwa ukutani kwenye chaja. Hakufika kwenye mti. Muda wa kipindi ulikuwa umekwisha, wakampigia wimbo.

Hiyo ndiyo iliyokuwa simu yake ya mwisho kwa watangazaji.

Eliana alifika Kinampanda jioni ya Jumatano ile. Mwili ulikuwa umeshapelekwa hospitali. Peniel alimpokea kwenye lango la ua akamkabidhi kitochi kikiwa kimefungwa kwenye leso. Kilikuwa kimelowa kidogo, lakini kilikuwa kizima. Hata tochi ilikuwa inawaka. Eliana alikiingiza kwenye pochi yake bila kukitazama, akaingia ndani kwa wifi yake.

Dina alikuwa amekaa kwenye mkeka, mama mkwe wake, mama yao Eliana, upande huu na wanawake wa usharika upande ule. Alikuwa analia, lakini alikuwa anakunywa maji akipewa, na alimtambua Eliana, akamshika shingo. Walilia pamoja kama ndugu wanavyolia. Siku hiyo ilikuwa na huzuni iliyonyooka. Watu wa Mungu waliimba, wakaomba, wakasema yale waumini husema mbele ya kifo, nayo yalisaidia kwa kadiri yake.

Alhamisi mchana ndipo mambo yalipoharibika.

Kamati ya msiba ilikuwa imetuma tangazo la kifo redioni, na wanaume waliokaa uani walitaka kulisikia. Mmoja wao akaingia kwenye kibanda cha Chediel kutafuta redio, akarudi na redio ya Eliana. Ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Juu yake kulikuwa na kipande cha karatasi kimeandikwa kwa mkono wa Chediel: *Ya Dada. Tayari.* Wakaiwasha. Spika haikukwaruza hata kidogo.

Kabla ya matangazo ya vifo ilikuja taarifa ya habari ya saa saba.

"Fundi simu mmoja mkazi wa Kinampanda wilayani Iramba amefariki dunia baada ya kupigwa na radi alipokuwa akiongea na mke wake kwa simu ya mkononi shambani. Simu hiyo ilivuta radi na kulipuka. Wananchi wanakumbushwa kuzima simu zao wakati wa mvua."

Sauti ilikuwa safi, na dirisha la chumba alimokaa Dina lilikuwa wazi.

Dina aliacha kulia. Hicho ndicho Eliana alichokikumbuka baadaye kuliko yote. Aliacha papo hapo, kama bomba lililofungwa. Akatazama mikono yake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilimpigia mimi."

"Wifi, subiri," Eliana akasema.

"Nilimpigia mimi. Alikuwa anaongea na mimi."

Akainuka, akaingia chumba cha ndani walichokuwa wakilala yeye na mume wake, akalala chini kwenye sakafu akielekea ukutani. Hakula siku hiyo. Mama mkwe alipomwambia aoge, alisema mtu aliyeua haoshwi na maji. Jioni alisema neno jingine moja tu: kwamba Jumamosi hataenda kaburini. Mke ndiye hutupa udongo wa kwanza baada ya mchungaji, na yeye hawezi kumtupia udongo mtu ambaye amemwua kwa mkono wake.

Eliana alitoka nje, akaenda nyuma ya nyumba karibu na ndoo za maji. Aliomba akiwa amesimama. "Mungu, radi ni yako. Sikuulizi kwa nini. Ila huyu mtoto wa watu usimwache abebe mzigo usio wake." Kisha akafungua pochi, akatoa kitochi, akaitafuta namba ya redio. Ilikuwa imehifadhiwa kwa jina la *Salamu*.

Walimzungusha kwa watu wawili mpaka akampata mwandishi wa habari ile, kijana aitwaye Sixbert.

"Kaka Sixbert, mimi ni dada wa yule fundi wa Kinampanda."

"Oo, pole sana dada yangu. Poleni sana na msiba."

"Asante. Habari mliyotoa ina kosa."

"La jina?"

"Si la jina. Mmesema simu ililipuka. Simu ni nzima. Ndiyo ninayokupigia nayo."

"Dada, sisi tulipata taarifa kutoka eneo la tukio."

"Nani alikuwepo eneo la tukio?"

"Chanzo chetu. Alisema marehemu alipigiwa na mke wake."

"Alipigiwa, ndiyo. Akaongea, akakata, akaenda. Waliokuwepo shambani ni wanawake watano, na ninyi hamkumpigia hata mmoja."

"Nakuelewa. Lakini dada, hata kama haikulipuka, si inajulikana kwamba simu inavuta radi?"

"Inajulikana kwa nani?"

"Kwa watu. Hata sisi tulishawahi kutangaza."

Eliana alikitazama kile kitochi, akakirudisha sikioni.

"Mke wake amelala chini tangu saa saba," akasema. "Hali wala hanywi. Anasema amemwua mume wake. Nakuomba mseme tu kwamba mlikosea, Jumamosi kabla ya saa nane. Mimi nitamwinua."

"Nitamfikishia mhariri," Sixbert alisema. Alisema kwa upole, na labda alimaanisha. "Ila habari ikishapita, dada, imepita."

Ijumaa asubuhi Eliana alimwendea baba yao mdogo, Mwalimu Fabiano, aliyekuwa amekaa na daftari kivulini akiandika wasifu wa marehemu. Kazi hiyo hupewa yeye kila msiba wa ukoo, kwa kuwa ni mwalimu mstaafu na mwandiko wake unasomeka hata na mtu anayelia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umelala?"

"Nimelala kidogo. Baba, naomba nisome ulipofika."

Alisoma. Kuzaliwa, kubatizwa, kipaimara, kidato cha nne, ndoa na Dina, kazi. Mwisho kulikuwa na mstari huu: *Marehemu alifikwa na mauti kwa kupigwa radi alipokuwa akiongea kwa simu na mke wake.*

"Baba, mstari huu si wa kweli."

"Umetoka redioni. Na nimekwisha kuwasomea kamati jana, wameupitisha."

"Redio imekosea."

Mzee alivua miwani. "Eliana, nimefundisha miaka thelathini na mbili. Mwanafunzi akija kuniambia kitabu kimekosea, huwa namwambia alete kitabu kingine."

Eliana akamwekea kitochi juu ya daftari, akamwonyesha orodha ya simu zilizopokelewa. Ya Dina ilikuwa saa tisa na dakika tano, sekunde thelathini na moja. Iliyofuata ilikuwa ya Eliana mwenyewe, saa tisa na dakika hamsini na mbili, ile aliyopokea Peniel. Katikati hapakuwa na kitu.

Mwalimu Fabiano alivaa miwani tena, akasogeza kitochi karibu na pua, akahesabu kwa vidole.

"Saa ya kitochi inaweza kuwa mbovu," akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu. "Niletee aliyeona kwa macho. Mkisema wawili, simu na mtu, nitafuta."

Kwa hiyo Eliana akavuka ua wa minyaa kwenda kwa Peniel. Alimkuta amekaa jikoni, jiko halina moto.

"Njoo useme ulichoona," Eliana akamwambia. "Mwambie Mwalimu. Na Dina umwambie."

"Kwa Dina siwezi kwenda, dada."

"Kwa nini?"

Peniel alikuwa mwanamke mzima mwenye wajukuu, mwenye mikono mikubwa ya jembe, na mikono hiyo ilikuwa inasokota pindo la gauni lake kama ya msichana.

"Kwa sababu najua nani amemwua," akasema. "Na si yeye."

Walikwenda pamoja. Dina alikuwa palepale, uso ukutani. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ukingo wa kitanda akimshika mguu, maana ndiyo sehemu pekee aliyoruhusu kushikwa. Eliana aliketi sakafuni nyuma yake, akaweka kitochi kwenye mkeka mahali ambapo Dina angekiona akigeuka.

"Wifi. Simu yake hiyo. Haikulipuka."

Dina hakugeuka. "Unaniletea ushahidi kama polisi."

"Nakuletea simu ya mume wako."

Kisha Dina akageuza kichwa. Aliona kitochi, unga mweupe bado umo kati ya batani, akanyoosha kidole akakigusa.

"Hata kama hakuwa anaongea," akasema. "Ni mimi niliyemwambia aende. Angebaki kibandani kwake."

Ilikuwa kweli. Siku ile wanawake watano walikuwa wamekuja kumsaidia Dina palizi ya alizeti, naye, kama ilivyo desturi, alibaki nyumbani kuwapikia. Aliona wingu limefunga, akampigia mume wake awafuate. Hakuna orodha ya simu ingeweza kulifuta hilo.

Peniel ndiye aliyesema. Alipiga magoti kwanza.

"Dina, kabla ya kumpigia yeye, ulimpigia nani?"

"Wewe. Ulikuwa hupatikani."

"Nilikuwa sipatikani kwa sababu nilizima. Nilisikia redioni kwamba simu inavuta radi. Tone la kwanza lilipoanguka nikawaambia wenzangu, zimeni simu zote, tukishazima tuko salama. Tukazima. Halafu mimi ndiye niliyesema twendeni tusimame chini ya ule mgunga mkubwa, tusilowe. Tulikuwa tumesimama pale tunacheka, Dina. Tulijiona tumefanya akili."

Mama mkwe aliachia mguu.

"Ungenipata kwenye simu," Peniel akaendelea, "ungeniambia tu rudini, tungerudi. Hukunipata. Akaja mwenyewe, anakimbia, kutoka ng'ambo ile ya korongo. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, kifungo kimefungwa. Alituita kwa majina, mmoja mmoja. Alisema, mama zangu, tokeni kwenye mti, mti ndio mbaya. Mimi nikamjibu, fundi, tumeshazima simu. Akanishika mkono akanivuta. Akatusukuma tutangulie mbele. Alikuwa wa mwisho. Alikuwa hajafika hatua sita kutoka kwenye mti."

Uani wanaume walikuwa wanashusha viti vya kuazima, chuma kinagonga chuma.

"Sisi sote tulianguka," Peniel alisema. "Tukaamka watano. Mimi ndiye niliyewapeleka pale. Kama kuna wa kutotupa udongo, ni mimi."

Dina alijiinua, akaketi. Nywele zake zilikuwa na vumbi la sakafu. Alimtazama Peniel kwa muda mrefu, na Eliana aliogopa atakachosema.

"Alisema mama zangu?" Dina akauliza.

"Alisema hivyo."

"Alikuwa anahema?"

"Alikuwa anahema sana. Alikuwa amepoteza kiatu kimoja korongoni."

Dina akalia tena. Kilikuwa kile kilio cha Jumatano, chenye machozi. Peniel alibaki amepiga magoti mpaka Dina akamshika bega na kumvuta akae. Hakumwambia amemsamehe, na Peniel hakuuliza. Baada ya kitambo Dina alimwomba mama mkwe maji ya kuoga. Akiwa mlangoni, akiegemea ukuta, alimwambia Eliana:

"Kesho nitaenda. Lakini lile la redio lisisomwe. Likisomwa mbele yake, narudi ndani."

Jumamosi ilipambazuka bila wingu. Redio iliwashwa saa moja asubuhi, na Eliana alisimama karibu nayo akiwa na sahani za chai mikononi. Mwisho wa taarifa msomaji alisema kuna marekebisho. Katika habari ya fundi simu wa Iramba aliyefariki kwa radi akiongea na simu, umri wa marehemu ulitajwa visivyo kwenye tovuti ya kituo. Umri sahihi ni miaka thelathini na minane. Kituo kinaomba radhi.

Eliana aliweka sahani chini, akaizima redio. Akachukua kile kikaratasi kilichoandikwa *Ya Dada. Tayari*, akakiingiza ndani ya kitabu chake cha nyimbo.

Mwili uliletwa saa tano. Ibada ilianza saa saba uani, kwa kuwa watu hawakuenea ndani. Kipaza sauti kilikuwa kile cha usharika. Mchungaji Nathan alikijaribu kwa kukipuliza, akasita kidogo, kisha akasema kilitengenezwa na huyu tunayemzika, na hakijawahi kuzima tena. Dina alikaa mbele, amejifunga kanga nyeusi kichwani, Eliana upande wake wa kulia na Peniel nyuma yake.

Mwalimu Fabiano akasimama na daftari kusoma wasifu. Alisoma vizuri, kwa sauti ya darasani. Alipofika mwisho alishusha daftari. Mkono wa Dina ulikuwa ndani ya mkono wa Eliana.

"Hapa palikuwa na mstari," mzee akasema kwenye kipaza sauti. "Niliuandika mimi juzi, nikausoma mbele ya kamati. Niliutoa redioni. Nimewasikiliza waliokuwepo, nimeiona na simu ya marehemu, nzima. Mstari ule ulikuwa na makosa, nami naurekebisha hapa mbele yenu."

Akasogeza miwani.

"Marehemu alifikwa na mauti kwa kupigwa radi alipokuwa akiwaondoa wanawake watano chini ya mti. Alitumwa na mke wake, ambaye aliliona wingu. Wanawake wote watano wako hapa. Simu yake haikuvuta chochote. Mvua ikija, tokeni kwenye miti na uwanjani, ingieni nyumbani, na simu ziacheni zipatikane."

Mzee mmoja wa nyuma alivua kofia, ingawa alikuwa ameshaivua mara moja na kuivaa tena. Wanawake wanne walisimama kwenye viti vyao bila kuitwa, na nyuma ya Dina, Peniel akasimama pia.

Kaburi lilichimbwa nyuma ya nyumba, kando ya kaburi la baba yao. Vijana wa kwaya walibeba jeneza. Lilishushwa kwa kamba mbili, polepole, upande wa kichwa ukatangulia kidogo na kusawazishwa. Mchungaji aliomba, akatupa udongo mara tatu. Kisha akamtazama Dina.

Dina alisogea mpaka ukingoni. Mama mkwe alitaka kumshika akakataa kwa mkono. Aliinama, akachota udongo. Ulikuwa mwekundu na bado na unyevu wa mvua ya Jumatano, ukagandamana kwenye kiganja chake. Ilimbidi autikise mkono ili udondoke. Ulidondoka. Alisimama hapo kidogo, akasema kitu kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, Eliana hakukisikia chote. Akarudi nyuma.

Mama yao akatupa udongo. Eliana akatupa. Peniel alitupa baada ya ndugu wote, na wenzake wanne wakamfuata. Kisha vijana wakachukua majembe na mabeleshi, wakafukia kwa zamu mpaka udongo ukapanda juu, wakaupiga kwa mgongo wa beleshi ukawa tuta. Msalaba wa mbao ulisimikwa upande wa kichwa. Mashada yaliwekwa: la mke, la mama, la dada, la mafundi wa Kiomboi, la usharika. Mchungaji alitoa baraka. Watu wakanawa mikono kwenye beseni lililokuwa karibu na ua, wakaenda kula.